Besi ya Mashoto wa Ukubwani

Siku fidia ya vidole ilipolipwa, ukoo mzima ulikuwa umeshaipangia kazi. Mama mkwe alitaka paa libadilishwe. Wifi aliona heri kununua kiwanja kabla bei hazijapaa. Mume, fundi majokofu mwenye maneno machache, alitaja gari dogo la kubebea majokofu ya wateja, lakini alilitaja huku akiangalia sahani yake, kama mtu anayejua kuwa ombi lake halifiki mbali.

Mwenye vidole aliwasikiliza wote mpaka wakamaliza. Akanywa maji, akaweka glasi chini.

"Vidole vyangu vilikuwa vya kupigia besi," akasema. "Fidia yake itanunua besi."

Wifi akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akameza kicheko chake na tonge juu yake. Mume aliinua macho kwenye sahani, akasema, "Basi tutakwenda kuitafuta."

Mwanamke huyo watu walimwita Mama Mdundo, na jina hilo alilipata jukwaani. Tangu ujana wake alipiga gitaa la besi katika bendi ya mdogo wa mumewe, bendi ya kumbi na sherehe, yenye mashati ya kufanana na wateja wasiokauka. Riziki yake, hata hivyo, ilitoka kwenye kiwanda cha mikate, ambako alikuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi. Huko ndiko rola ya kusukumia unga ilikodaka kitambaa chake cha mkono. Kifuniko cha mashine kilikuwa kimeondolewa kwa matengenezo na hakuna aliyekirudisha. Alipovuta mkono wa kushoto, vidole viwili vya mwisho havikurudi naye.

Mwenye kulijua gitaa anaelewa maana yake. Mkono wa kushoto ndio unaotembea shingoni, ukibana nyuzi, na kidole cha mwisho ndicho kinachofika mbali kuliko vyote. Bila viwili vile, Mama Mdundo alikuwa kama mtu wa kupanda ngazi iliyong'olewa vipandio.

Shemeji yake, kiongozi wa bendi, alikwenda kumwona hospitali na mfuko wa machungwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akasafisha koo mara mbili.

"Shemeji, usiwe na wasiwasi. Nafasi yako ipo palepale. Utaimba kiitikio."

"Sauti yangu unaijua wewe?"

"Naijua."

"Basi usiwaonee wateja," akasema Mama Mdundo, na wote wawili wakacheka mpaka muuguzi akachungulia.

Lakini shemeji alipoondoka, kicheko nacho kiliondoka. Kwa majuma aliyokaa nyumbani, bandeji imeshaondolewa na kovu bado jekundu, besi kuukuu ya bendi iliegemea ukutani sebuleni, na yeye akawa anaizunguka kama anavyozungukwa mgeni uliyegombana naye. Asubuhi moja alikuwa kochini, redio inacheza, akagundua mkono wake wa kulia uko pajani unatembea. Haukuwa ukidonoa nyuzi kama ilivyokuwa kazi yake. Ulikuwa ukibana. Vidole vyote vinne vilikuwa vinapanda na kushuka pajani, vikifuata noti za wimbo wa redioni, vikikosea hapa na kupatia pale.

Akautazama ule mkono. Kisha akautazama wa kushoto, wenye dole gumba, kidole cha shahada na cha kati. Na kudonoa nyuzi za besi kunataka vidole vingapi? Viwili tu.

Alinyanyuka, akaichukua besi, akaigeuza juu chini.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Mume, aliyekuwa uani na kichwa ndani ya jokofu la mteja, alikuja mbio, bisibisi mkononi.

"Nani ameumia?"

"Hakuna aliyeumia. Najifunza."

Akamkuta mkewe ameshika gitaa kinyumenyume, nyuzi nene chini na nyembamba juu, ulimi nje kwa kukaza akili. Akamtazama, akakuna shingo kwa kishikio cha bisibisi.

"Itawezekana?"

"Kichwa kinazijua nyimbo zote. Mkono tu ndio mgeni, na mgeni huelekezwa."

Akaelekezwa kwelikweli. Alirudi kazini, na kila baada ya zamu alikaa na besi ile mpaka vidole vya kulia vikaota sugu. Majirani walioupenda muziki wake zamani walianza kufunga madirisha mapema. Wifi alisema mtu mzima kujifanya mashoto ni kutafuta maradhi. Mama Mdundo alimjibu kuwa maradhi yake ameshayapata na yamekwisha, sasa anatafuta kazi.

Ila kuna jambo moja lilimshinda, na halikuwa la bidii. Gitaa lililogeuzwa si gitaa la mkono wa kushoto. Vitufe vya sauti vilikuwa juu, vikiguswa na kiwiko kila alipochangamka. Ule mkato wa mwilini unaoruhusu mkono kufika noti za juu ulikuwa upande usiofaa. Na mpangilio wa nyuzi uliopinduliwa ulikigombanisha kichwa na mkono: alipotaka kushuka, akapanda. Ndiyo maana fidia ilipoingia hakuhitaji ushauri wa mtu.

Duka la kwanza lilikuwa kubwa, la vioo, magitaa yamening'inia kuanzia sakafuni mpaka darini. Muuzaji, kijana nadhifu, alimpita Mama Mdundo akamwendea mume.

"Karibu mzee. Mnamtafutia kijana wenu?"

"Mimi natengeneza majokofu," mume akasema. "Mwenye shida ni huyo."

Muuzaji aligeuka, akaomba radhi, na kuanzia hapo hakukosea tena. Lakini besi ya mashoto hakuwa nayo hata moja. Wateja wa aina hiyo ni wachache, akaeleza, hivyo duka haliagizi. Angeweza kubadilisha nyuzi za besi ya kawaida, za upande mmoja zikae upande wa pili.

"Mwanangu, kiatu cha kulia hata ukikigeuza vipi hakitakuwa cha kushoto," akasema Mama Mdundo bila ukali. "Nani anatengeneza kwa mkono?"

Muuzaji akafikiri. Akaangalia nyuma kama bosi yupo karibu, kisha akamwelekeza kwa Msasa.

Msasa alikuwa fundi wa magitaa. Jina lilitokana na karatasi ya msasa iliyokaa mfukoni mwake daima, ingawa wengine walisema limetokana na ulimi wake. Karakana yake ilikuwa nyuma ya duka la mbao, chumba kirefu chenye harufu ya gundi na vanishi. Shingo za magitaa zisizo na miili zilining'inia kwenye waya, na miili isiyo na shingo ilipangwa chini yake, ikingoja. Alikuwa mtu wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi.

Alisikiliza shida mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto. "Nisalimie kwa huo."

Mama Mdundo akampa. Watu wengi walikuwa wakiushika mkono ule kama yai. Msasa aliukamua.

"Hivi viwili vina nguvu za ajabu. Unafanya kazi gani?"

"Nimekanda unga tangu usichana."

"Nilijua. Haya, chukua ile pale, igeuze unavyoigeuza, unipigie chochote."

Akapiga. Msasa alisimama ameinamisha kichwa, na wimbo ulipokwisha akavua miwani.

"Kazi unaijua. Ila shingo unaishika kama mwizi uliyemkamata. Unabana mno."

"Besi ya bendi nyuzi zake ziko juu. Usipobana, haitoi kitu."

"Basi tatizo ni besi, siyo wewe. Hilo la kwangu." Akachukua kipande cha penseli kutoka nyuma ya sikio. "Sitengenezi rahisi, nakwambia mapema. Mbao nakausha mwenyewe, na vyuma naagiza mbali."

"Rahisi niliikuta dukani nikaiacha."

Wakakubaliana. Msasa alipima urefu wa vidole vyake vya kulia, upana wa kiganja, hata bega, maana besi hukaa begani na yenye mwili mzito humchosha mpigaji kabla ya ukumbi kuchangamka. Walichagua mbao nyepesi kwa mwili na ngumu kwa shingo. Mwisho akamuuliza rangi.

"Ya mkate ulioiva," akasema Mama Mdundo. "Ulioiva, siyo ulioungua."

"Mimi mikate nakula tu. Niletee mfano."

Kesho yake akapelekewa mkate, na anasema mwenyewe kuwa nusu aliitumia kwa rangi, nusu kwa chai.

Ulikuwa msimu wa mvua Msasa alipoanza kuranda, na mvua zilikuwa zinaelekea mwisho alipopiga simu kusema kazi imekamilika. Mama Mdundo aliomba ruhusa kazini. Mume alifunga karakana yake ndogo ya uani, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi ya binamu yake.

Besi ilikuwa mezani, juu ya blanketi. Mama Mdundo hakuigusa mara moja. Aliizunguka. Rangi ilikuwa ile ile, yenye wekundu wa mbali pembeni kama mkate uliokaa karibu na ukuta wa tanuri. Kila kitu kilikuwa upande wake: mkato, vitufe, nundu ya kufungia mkanda. Kwa mara ya kwanza tangu rola ile imdake, aliona kitu kilichotengenezwa kikimngojea yeye alivyo.

"Sasa usiitongoze kwa macho," Msasa akasema. "Ivae."

Akaivaa. Ilitulia begani kama kanga. Waya ukachomekwa kwenye amplifaya, akadonoa uzi mnene, na sakafu ikaitika. Mume akasema "Ee!" peke yake. Lakini alipochangamka kidogo, nyuzi zikaanza kukwaruza, chuma kwa chuma, mlio mbaya kama wa nzi ndani ya kopo.

"Nilijua," Msasa akasema. "Nyuzi nimezilaza chini ili usibane. Ila mkono wako wa kushoto hauzidonoi, unazikanda. Chagua: nizipandishe, au upunguze nguvu."

Mama Mdundo alitafakari. Nguvu ile ndiyo ilikuwa mdundo wake. Ndiyo iliyompa jina. Na nyuzi zikipanda, mkono wa kulia, ambao bado mwanafunzi, utachoka katikati ya wimbo.

"Nguvu nyingi naziweka wapi? Umesikiliza?"

"Kwenye nene."

"Na nyembamba je?"

Msasa akamtaka apige tena. Akasogeza sikio. "Nyembamba unazigusa kawaida."

"Basi mbona tunazipima kwa kibaba kimoja? Nene zipandishe, nyembamba ziache zilale."

"Kidogo huwa nafanya hivyo. Wewe unataka sana."

"Mimi nimekuja kwa fundi ili nipate ninachotaka."

Msasa akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, akachukua kispana chake cha pembe sita. Chini ya kila uzi, pale unapoanzia kwenye mwili wa gitaa, kulikuwa na kichuma kidogo chenye skrubu za kukipandisha na kukishusha. Akazungusha, yeye akapiga, akazungusha, akapiga. Walipolipata lile la kimo, wakaanza la urefu. Msasa alimwonyesha: uzi upigwe mtupu, kisha ubanwe katikati yake kabisa, na sauti hizo mbili ziwe mtu na mdogo wake, zifanane ila moja changa. Ya katikati ikipanda kuliko inavyostahili, kichuma kinarudishwa nyuma, uzi urefuke. Mama Mdundo alifumba macho kusikiliza. Mara mbili alisema "bado" wakati kipimo cha sauti cha Msasa kinasema "tayari", na mara moja kipimo kilikuwa sahihi na yeye kakosea, akakubali.

Kabla hawajaondoka Msasa alimpa kispana cha pili, kirefu zaidi. "Ndani ya shingo kuna ufito wa chuma. Ndio unaoshindana na nyuzi zisiikunje mbao. Hali ya hewa ikibadilika, shingo nayo itabadilika, maana mbao haifi hata ukiipaka vanishi. Njoo nikuonyeshe, usije ukanipigia simu unalia."

"Mimi silii kwenye simu," akasema Mama Mdundo, akasogea.

Mvua zilikatika ghafla kama bomba lililofungwa, na jua kavu likashika. Siku mbili kabla ya mazoezi ya kwanza ya kurudi bendini, Mama Mdundo alifungua kasha, akapiga, akasikia mkwaruzo. Safari hii haukuwa mwilini mwa gitaa bali kule juu, karibu na kichwa, na kwenye nyuzi zote. Na kwa bahati yake, shemeji alikuwa amekaa pale pale kochini, amekuja kuiona hiyo besi inayosemwa mji mzima.

"Aa, shemeji," akasema kwa huruma. "Umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mrudishie, pesa zirudi. Gitaa jipya halilii hivyo."

"Subiri."

"Mimi nakwambia kama ndugu. Na bendi haiwezi kungoja. Mpiga gitaa la pili anaendelea kutushikia besi kwa ile kuukuu uliyoturudishia, hata kama haipendi."

"Shemeji, mkate usipoumuka unaita polisi au unaangalia hamira?"

Akalaza besi mezani, kitambaa chini ya shingo. Alibana uzi mnene karibu na kichwa, akabana uzi ule ule mwisho wa shingo, akainama kuangalia katikati. Palitakiwa pawe na mwanya mwembamba. Hapakuwa na hata nafasi ya kupitisha karatasi. Shingo ilikuwa imekauka, ikajinyoosha, ikajirudi nyuma, na nyuzi zimelala juu ya vichuma vyembamba vilivyoikatiza shingo, vinavyogawanya noti.

Akachukua kispana. Kazi ya msimu mzima ya mtu, na fidia ya viungo vyake, vyote vilikuwa kwenye ncha ya kile chuma. Shemeji alisogea mbele ya kochi.

"Utaivunja!"

"Nikiivunja nitaimba kiitikio," akasema, akaulegeza ufito robo mzunguko. Polepole, kama alivyoonyeshwa. Akaweka sauti za nyuzi upya, kisha akaifunga besi kwenye kasha.

"Mbona huijaribu?"

"Mbao inataka kulala kwanza. Unga nao haukimbizwi. Njoo kesho ukitaka."

Hakuja kesho yake, lakini alipiga simu, na hakukuwa na haja ya kumwambia kitu: Mama Mdundo alishikilia simu karibu na spika, akapiga vipande vya wimbo mmoja, kila noti imetoka safi kama shilingi.

"Mazoezi ni saa tisa," shemeji akasema hatimaye.

Bendi ilifanyia mazoezi kwenye ghala la viti vya kukodisha, viti vimerundikwa mpaka karibu na dari. Mpiga gitaa la pili alimwona Mama Mdundo mlangoni, akaivua besi kuukuu shingoni kama mtu anayevua mzigo wa kuni. "Karibu, mama. Karibu sana. Mimi vidole vimeniota malengelenge." Mpiga ngoma alimtolea kiti, akakikataa.

"Tuanze na wa polepole," shemeji akasema. "Ukichoka useme."

"Tuanze na huo, maana ndio mgumu. Kwenye wa haraka hata makosa yanacheza."

Ngoma ikahesabu, wakaingia. Ubeti wa kwanza Mama Mdundo alipiga kwa tahadhari, macho shingoni. Wa pili akainua kichwa. Kwenye ubeti wa tatu mkono ukasahau kuwa umehamishwa kazi: alitaka kupanda, akashuka, noti ikadondokea mahali pasipo pake. Wote waliisikia. Hakusimama, wala hakukunja uso. Akairudia noti ile ile makusudi kwenye mzunguko uliofuata, mpiga ngoma akaidaka kwa teke la ngoma kubwa, na lile kosa likawa pambo. Viti vilivyorundikwa vilikuwa vinatetemeka kwa besi. Mume, aliyekuja kubeba amplifaya akabaki, aliegemea mlango na kusikiliza huku mikono yake iko mifukoni.

Wimbo ulipoisha, shemeji aligeukia ukuta kama anatafuta kitu mkobani. Alichukua muda kukipata.

"Mashati mapya yameletwa," akasema bila kugeuka. "Lako ni lile la juu kabisa. Jumamosi tuna ukumbi."

"Nimelijaribu ulipokuwa unafunga nyaya," akasema Mama Mdundo. "Linabana mikononi. Nitalipeleka kwa fundi cherehani."

Jumamosi hiyo alipiga, na zilizofuata pia. Kiwandani anaendelea na zamu yake ya asubuhi, na hakuna mashine inayowashwa pale kabla yeye hajapita na kugonga kila kifuniko kwa kiganja. Mkono wa kulia haujahitimu. Kuna wimbo mmoja wenye mteremko mrefu, noti zinaporomoka mfululizo kutoka juu mpaka chini, ambao zamani aliupiga huku akiongea na watu. Sasa bado unamtoa jasho. Anaufanyia kazi kila Jumapili, sebuleni, madirisha wazi. Mume huwa uani, amelala chali chini ya jokofu la mtu, na kila mara mteremko unapoteleza yeye hupaza sauti, "Hapo!"

"Nimesikia!" Mama Mdundo hujibu, na kuanza tena toka juu.